Njia Tuliyoichonga Kando ya Mirongo

Mwezi uliopita nilikwenda Mwanza kumwona mpwa wangu, na jioni moja akanitoa kunionyesha kazi inayofanyika kando ya mto Mirongo. Vijana walikuwa wanapanga matofali, wengine wanapanda miti. Akanieleza kwa fahari kwamba watu watatembea kwa miguu toka mjini mpaka ziwani bila bughudha ya magari. Nikacheka, naye akadhani nimepuuza. Sikupuuza, rafiki yangu. Nilikumbuka tu kwamba njia hiyo tulishaichonga zamani, mwaka uleule tulipopata Uhuru, kwa majembe na makarai.

Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, nikiishi na bibi mzaa mama katika nyumba ya udongo karibu na mto. Asubuhi zetu zilinukia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikichemka pamoja na karanga. Honi ya meli ikilia bandarini, tunajua tumechelewa kufuata maji. Maji ya kunywa tuliyafuata ziwani, maana mtoni walifulia madobi. Njia haikuwepo. Unakanyaga tope, unaruka mawe, unapenya matete, na masika yakiingia ndoo nyingi zilifika nyumbani nusu.

Bibi alikuwa na bustani ukingoni mwa mto: mchicha, matembele, na mashina ya nyanya aliyoyafunga kwa kamba za katani. Tulikula mboga za humo, na kilichobaki alikipeleka sokoni. Hakuna mtoto aliyethubutu kukatiza pale.

Basi siku moja akaja mwalimu wetu, kijana mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi, ameshika vigingi na kamba. Wakazi walikuwa wamekubaliana kuchonga njia, kila mtu kwa jasho lake, na mwalimu ndiye aliyechaguliwa kupima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kamba unampimia nani kaburi?"

"Ni njia, mama. Ya watu wote, mpaka ziwani. Ng'ambo kule ni kinamasi, hakupitiki. Tunaomba ipite hapa."

"Watu wote wapite juu ya mchicha wangu?"

"Ukiridhia, mama."

"Sijaridhia."

Nilidhani atabishana naye. Hakubishana. Alikunja kamba yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Jumamosi kazi ikaanza. Jirani yetu, Msukuma mmoja fundi wa kupiga ngoma, alisimama juu ya jiwe na kupiga mapigo ya kulimia, na majembe yakapanda na kushuka pamoja. Wanawake walisomba changarawe kwa makarai, sisi watoto tukaokota mawe ya ukingoni. Mchana tulikula ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, mikono bado ina udongo. Njia ilikuja kutoka ziwani, nyingine ikashuka kutoka mtaani, na zote mbili zikakoma kwenye bustani ya bibi kama watu waliofika mlangoni wakakuta pamefungwa. Nilipata aibu shuleni, nikueleze nini. Wenzangu waliniita mjukuu wa mchicha.

Jirani naye hakuacha mchezo. Akatunga wimbo, watu wakauitikia:

"Mchicha wa mama una nini,
hata njia imesimama kuutazama?"

Bibi alikuwa akipalilia palepale, amewageuzia watu mgongo. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikajua analia, nikamkimbilia. Kumbe anacheka.

Jioni ile, akichambua dagaa, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Zamani alikuwa na shamba zuri kule chini karibu na ziwa. Wakaja watu wa serikali ya kikoloni, wakang'oa mihogo yake, pakajengwa nyumba ya Mzungu. Baada ya hapo hata kupita pale na ndoo ilikuwa kufukuzwa.

"Wale hawakunipigia hodi," alisema. "Huyu mwalimu amenisalimu, ameniomba, nimemkatalia, na ameondoka. Nimekaa nangojea arudi na askari. Hajarudi."

Akapepeta dagaa wake.

"Kesho mwambie alete kamba."

Mwalimu alikuja mbio. Bibi alishika ncha moja ya kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaivuta mpaka alipotaka yeye, akasema njia ipite hapo na si kidole zaidi. Watu wakahamisha miche yake kwa uangalifu, wakaipanda upya pande zote mbili, na jirani akalazimika kubadilisha wimbo. Sasa akaimba kwamba mama ana njia, mchicha umejipanga kuwasalimu wapitao.

Ilipokamilika, tulivaa nguo za sikukuu tukaitembea wote, wazee, madobi, akina mama na watoto mgongoni. Bibi alijifunga kanga mpya. Tulipofika ziwani alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatia miguu majini.

"Bibi, ndoo tumeisahau," nikamwambia.

"Hatukuisahau. Tangu usichana wangu nakuja hapa na mzigo kichwani. Leo nimekuja kulitazama ziwa."

Akalitazama mpaka jua likazama, na hakuna aliyetufukuza.

Njia ile haikudumu. Mvua za miaka iliyofuata zilimega kingo, nyumba zikaja, taka zikaja, na wale watu mmoja mmoja wakaenda walikokwenda. Nafurahi inajengwa nyingine, tena ya matofali, na nitaitembea Mungu akipenda. Ila sijui kama vijana wale wanaopanga matofali wanajulikana majina na wapita njia. Sisi kila jiwe tulijua nani kaliweka, na ukijikwaa ulijua wa kumlaumu. Ukienda kumlaumu, alikukaribisha chakula.