Sweta Aliyoiacha Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, enzi za Mwingereza, upepo ukipeperusha vumbi la ile njia ya zamani ya misafara iliyopita mbele ya nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nilikuwa msichana mdogo. Mgongoni nimembeba mdogo wangu Petro, akikohoa kikohozi kikavu kilichonitikisa na mimi. Mama yetu alikuwa amekufa kwa homa mvua zilipokuwa zinaisha.

Mama alijifunza kufuma kwa masista wa misheni. Akitoka shamba alikaa mlangoni na sindano zake mbili na uzi wa sufu wa kahawia, akimfumia Petro sweta. Alinifundisha na mimi, ingawa vitanzi vyangu vililegea na vyake vilikaza vizuri. Sweta ilipofika kwapani, akaugua. Baada ya maziko baba aliichukua sweta ile pamoja na sindano zake, akaifunga ndani ya kanga ya mama, akaiweka kwenye sanduku la bati chumbani kwake. Hatukuruhusiwa kuigusa.

Asubuhi hiyo bibi, mama yake mama, alikuja kwa miguu kutoka kijijini kwao. Mwanangu, kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawakutazamana usoni, wala bibi hakuweza kuingia ndani kwa baba. Akakaa nje kwenye kigoda, mgongo ameupa mlango. Baba alikuwa chumbani. Kila neno lilipita kwenye ule ukuta wa udongo, lakini heshima ilitaka mjumbe, na mjumbe nilikuwa mimi.

“Mwambie baba yako mtoto anakohoa.”

Kabla sijafungua mdomo, baba akajibu huko ndani, “Mwambie bibi yako nimesikia.”

“Mwambie sweta ipo.”

“Mwambie hiyo ni ya mke wangu.”

“Mwambie kabla hajawa mke wake, nilimzaa mimi.”

Nilisimama kizingitini nikigeuka huku na huku. Jirani yetu aliyekuwa akitwanga akasimamisha mchi, akacheka, “Jamani, mtamvunja shingo mtoto wa watu!” Bibi hakucheka.

“Mwambie,” baba akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, “mtu mwingine akiifuma, alama ya mkono wa mama yenu itapotea. Mimi nitabaki na nini?”

 Bibi akasema bila kunituma tena, macho yake yakiwa barabarani.

“Mkwe, baba yangu alikuwa mpagazi. Alipita hapa na pembe ya ndovu begani kwenda pwani. Mwenzao akifa safarini walimzika kando ya njia, wakamlilia, kisha wakagawana mzigo wake. Hakuna aliyebaki porini kuulinda. Binti yangu ameanguka na mzigo. Mpe binti yake huyu aubebe.”

Sikumsikia baba akilia. Nilisikia sanduku likifunguliwa.

Nilianza kufuma palepale, bibi amempakata Petro. Nilipomaliza, mahali mama alipoishia palionekana wazi, chini pamekaza, juu pamelegea. Baba alipitisha kidole pale, akatoka nje.

Petro alipata joto, kifua kikapona. Lakini sitakudanganya. Alipoanza kutambaa, sehemu ya chini, ile ya mama, ndiyo iliyosuguliwa na ardhi. Ikatoboka, ikafumuka uzi kwa uzi. Nilijaribu kuziba nikashindwa. Mwishowe kikabaki kipande changu tu, kile kibaya. Baba alikitazama, akasema, “Basi, imeisha,” akaenda kazini. Hakuoa tena, wala sikumbuki kumsikia akicheka kwa moyo wote. Petro mwenyewe tumemzika mwaka huu, mzee wa mvi, na nyumba imekuwa kimya sana.

Mwanangu, huenda na wewe una kitu cha namna hii ndani: mkeka uliofika nusu, au kitambaa ambacho sindano bado imechomekwa ndani yake, na aliyekianza hayupo. Umekifungia ukidhani unamtunza. Najua uzito wake. Kitoe. Kimalizie kwa mkono wako huohuo usiojua sana. Usifumue alichofanya yeye ili kifanane na chako. Ukimaliza, mpe anayekihitaji, akitumie mpaka kichakae. Kitakapochakaa utaumia, mimi niliumia. Lakini mama hakufuma ile sweta ikae sandukuni. Alimfumia mtoto mwenye baridi, na mtoto yule aliishi hadi akaitwa babu.

Mungu awalaze pema waliokutangulia, akutie nguvu mikononi, na machozi yakija, yasikuzuie kukiona kitanzi kinachofuata.