Anakatala: Neno la Mwisho Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa mnara wa kuongozea ndege alinivisha kaski ya kusikilizia masikioni, kisha akaninyang'anya mikro ya kusemea. Asubuhi nzima nilisikiliza tu. Nilikuwa kijana wa Bukavu, shati limepigwa pasi, nikidhani nimekuja kuwaamuru marubani. Shefu, mzee mfupi mwenye hasira za karibu, alinicheka.

"Petit, usikuwe na haraka ya kusema. Kama haukusikia muzuri, omba pilote arudilie. Kujifanya umesikia, njo kunauaka batu." Yaani, kijana, omba rubani arudie; kujifanya umesikia ndiko huua watu.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongoza ndege: kumwambia rubani kama njia iko wazi, upepo unatoka wapi, nani yuko mbele yake. Nilianzia uwanja wa Kavumu, nikapelekwa Bunia, nikamalizia hapa Goma, volkano upande mmoja na ziwa upande mwingine, na mawingu yanayokuja bila hodi.

Zamani zile ndege iliongozwa kwa mikono. Usukani uliungwa kwa nyaya hadi mkiani. Rubani akivuta, mkia unatii. Baadaye zikaja ndege zenye kompyuta kati ya mkono na mkia. Pua ikiinuka kupita kiasi, kompyuta inaishusha yenyewe, ndege isije ikaishiwa nguvu ya kuelea. Marubani vijana walizipenda, wazee wakanung'unika. Mimi nilikubaliana na yeyote niliyezungumza naye mwisho.

Tena mjue hili: marubani wetu huisema ndege kama mtu. Ikichelewa kuwaka, "amelala". Ikitikisika, "amekasirika". Nilizoea, wala sikuona neno.

Kisha ikaja asubuhi ile. Ndege ya abiria iliruka vizuri, ikageukia milima ya Masisi, ikaingia mawinguni. Kamanda wake, yaani rubani mkuu, niliyemjua kwa sauti kuliko kwa sura, aliniaga kwa Kifaransa kama kawaida. Punde sauti ileile ikarudi, sasa kwa Kiswahili: "Anakatala! Anakatala!" Yaani, anakataa. Nikamwomba arudilie. Nikaomba tena na tena. Ndege ilikuwa imeanguka mlimani, na hakupona mtu.

Wachunguzi walipofika niliwapa neno hilo kama nilivyolisikia. Wakaandika kwa Kifaransa: "Il refuse." Kifaransa nacho hakikutusaidia, maana kwao mwanamume ni "il" na ndege ni "il". Sasa nani alikataa? Wageni waliotumwa na watengenezaji wa ndege walisema ni Déo, rubani msaidizi: kompyuta ilishusha pua kwa haki, yeye akakataa kuachia usukani. Mafundi wetu walisema ni ndege: kompyuta ilidanganywa na kipimo kibovu, ikasukuma pua chini huku watu wakivuta juu. Kisanduku cha kunasa sauti kilikuwa kimeungua. Niliwasikiliza hawa nikaona wana haki, nikawasikiliza wale nikaona hivyohivyo, kichwa kikanivurugika kabisa. Mjini likabaki lile lililo rahisi kusema: Déo aliua watu.

Nilikuwa nimestaafu, nakaa mtaa wa Katoyi, siku mjane wa Déo, Mama Espérance, alipobisha mlangoni. Familia za marehemu zilikuwa zinaandaa misa ya kuwakumbuka, na hazikutaka jina la mumewe lisomwe. Alitaka nije niwaambie nilichosikia.

"Papa, wewe njo ulisikia. Kuya ubaambie ni ndege."

"Mama, sijue kama ni ndege."

"Na unajua kama ni Déo?"

"Hapana."

"Basi kuya ubaambie ile."

Nikaenda. Katika ukumbi wa parokia, mbele ya familia hizo, nililitamka neno kama kamanda alivyolitamka, kadiri koo langu lilivyoweza. Mama mzazi wa kamanda akaangua kilio.

"Ni mutoto yangu! Ndege yake alikuwa anaisemaka vile. Hata pikipiki: leo anakatala."

Nikadhani yamekwisha: ni ndege. Ndipo mjane wa kamanda akasema polepole, "Na batu pia alikuwa anabasemaka vile. Hata miye."

Wote wakanigeukia. Mama Espérance alinikazia macho, na Mungu anajua jinsi nilivyotamani kusema ni ndege. Nikasema, "Sijue." Mzee mmoja akafoka: "Sasa umekuya kufanya nini?"

Mama wa kamanda akafuta machozi.

"Kama hakuna mwenye kujua, tutamufukuza juu ya nini? Jina yake isomwe. Isomwe pembeni ya ile ya mutoto yangu, pale alikuwa anaikalaka mu ndege."

Siku hizi vijana wa kazi hii huniuliza tuamini mkono au kompyuta. Maisha yangu yote nimekaa na ndege, na jibu sina; inanikera, siwafichi. Jumapili ya misa ile jina la Déo lilisomwa mara tu baada ya la kamanda. Niliitikia sala pamoja na wengine, kwa sauti, na nilikuwa bado sijui nani alikataa.