Darubini ya Bunduki ya Upepo

Mwaka wa ukame nilikuwa nikilinda mbuzi nje kidogo ya Garissa, kwa mfugaji mmoja niliyemwita adeer, yaani ami, kama walivyomwita wote. Mama yake mkongwe, tuliyemwita ayeeyo, yaani bibi, alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja wa maziwa, mweupe mwenye sikio lililochanika, pamoja na mwanawe wa siku nne. Ayeeyo hakuwa na meno. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa chakula chake.

Nyani walikuja mchana kweupe. Kiu ilikuwa imewafundisha kukamata vitoto vya mbuzi, kuvipasua tumbo na kunywa maziwa yaliyomo. Nilikuta vitatu vimepasuliwa hivyo, kimoja bado kikirusha mateke.

Adeer alikuwa na bunduki ndogo ya risasi za pointi ishirini na mbili, yenye kibali. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kitu chenye skrubu sikipiti bila kukifungua. Mkobani nilikuwa na darubini niliyoitoa kwenye bunduki ya upepo iliyovunjika. Nikaifunga juu ya bunduki yake, nikaweka mkebe kwenye boma la miiba, hatua ishirini, nikautoboa mara tano mfululizo.

"Waryaa! Wewe askari imetoroka kambi?" adeer alicheka.

Ayeeyo hakucheka. "Mkebe haina mguu. Nyani iko na mguu."

Kesho yake nyani dume alimkamata mwana wa mbuzi mweupe, hatua themanini hivi kutoka nilipokuwa. Mama mbuzi akamrukia kwa pembe. Nililala chini, nikaweka msalaba wa darubini kwenye bega la nyani. Nikashusha pumzi. Jicho langu lilisogea kidogo na msalaba ukasogea nalo, ingawa bunduki haikutikisika. Niliona. Nikafyatua hata hivyo.

Mbuzi mweupe akaanguka.

Nilichomoa panga kiunoni, nikakimbia. Nyani alimwachia mwana, akanirukia, akanichana mkono hadi mfupa. Nilimkata shingoni, nikakata tena, nikaendelea kukata hata alipokuwa ameshatulia.

Mbuzi alikuwa amepiga magoti, damu yenye povu ikimtoka puani.

"Usikate!" adeer alipiga kelele kutoka bomani. "Ukikata wewe, hakuna mtu atakula!"

Mimi si Mwislamu. Alikuja na kisu, akichechemea kwa goti lake bovu, huku mimi nimesimama na panga mkononi, mnyama akikoroma miguuni pangu. Adeer alipofika alimgusa jicho. Halikupepesa. Akarudisha kisu alani bila kusema bismillahi.

Nyama ya kutulisha wiki nzima tuliiburuta hadi korongoni.

Baadaye fundi mmoja mjini alinieleza kwamba darubini ya bunduki ya upepo hutengenezewa shabaha ya karibu. Ukiipeleka mbali, msalaba hufuata jicho lako. Nami niliijaribu kwa hatua ishirini kwa sababu tu boma lilikuwa hapo.

Jioni ya siku ile ile ayeeyo aliniwekea yule mwana wa mbuzi mapajani.

"Mama yake umeua. Sasa mama ni wewe."

Lori la kwenda mji wa Takaba, nililopanga kulipanda wiki ile kutafuta kazi nyingine, liliondoka bila mimi. Nilimnywesha yule mwana kwa chupa, maziwa ya mbuzi wa adeer, matone machache yaliyopatikana, naye akitafuna bendeji yangu. Ayeeyo alikunywa chai ya rangi, akitutazama.