Chupa Chafu Ilikuwa ya Nyumbani Kwetu

Jamani, leo nimeaibika kazini mpaka nikacheka mwenyewe.

Kazi yangu ni kupima bakteria kwenye Mto Nduruma na chemchemi zinazouingia. Jana bibi mmoja kule juu alinikaribisha maji ya chemchemi yake. Nikamwambia, "Hapana bibi, ngoja kwanza tuyapime."

Alinuna huyo! Nikajaza chupa moja ya sampuli, nikaondoka.

Ili kulinganisha, nikajaza chupa nyingine maji ya tenki letu la nyumbani, Moshono. Hayo sikuwa na wasiwasi nayo, ndiyo tunayokunywa kila siku.

Asubuhi hii nimefungua visahani vya maabara. Cha bibi hakina hata doa moja. Cha kwetu kimejaa bakteria wa kinyesi!

Nikampigia baba. Akapanda kwenye tenki, akakuta mfuniko umepasuka na njiwa wamepafanya choo. Ameshamwaga maji yote, anasugua.

Kisha nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi. Maji yako ni safi, naomba unisamehe."

"Marahaba. Na ya kwenu je?"

Nikamsimulia habari za njiwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Njoo na ndoo, mjukuu wangu."

Kesho naenda na mbili. Haya, semeni ukweli: nani kati yenu aliwahi kuchungulia tenki la kwao?