Faradji na Jibu la Mounira

Faradji hutengeneza velo, yaani baiskeli, pembeni ya soko la Kasongo, na velo hazijagombana naye hata siku moja. Mnyororo ukilegea, unalegea mbele ya macho yako. Watu ndio waliomchosha. Mteja anasema, "Hakuna haraka, kaka," kisha anarudi baada ya nusu saa amefura kama andazi. Na mwenye kosa ni Faradji, eti angeona usoni!

Muuguzi Pacifique alimweleza kwamba hali hiyo ina jina, otizimu: hasomi nyuso na sauti kama wengine wanavyozisoma.

"Na ule ugonjwa wenu wa kuficha maneno," Faradji akauliza, "wenyewe unaitwaje?"

Pacifique alicheka. Faradji hakuwa anatania.

Mounira, muuza mawese, peke yake ndiye hakumsumbua. "Faradji, leo nimechoka. Usiniongeleshe mpaka alasiri." Basi, imekwisha. Ndiyo maana alitaka kumuoa.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda kwa kina Mounira na mjomba wake Djuma. Baba akamwita binti mbele ya wazee.

"Huyu fundi anakuomba. Unamkubali?"

Mounira akainamisha kichwa. Kimya.

Wazee wakatabasamu, baba akainua mikono aombe dua. Faradji akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

"Unaenda wapi, weye?" Djuma akamvuta kanzu.

"Nyumbani. Amekataa."

"Amekubali! Binti wa adabu akinyamaza, amekubali."

"Na angekataa?"

"Angenyamaza vilevile, lakini... angelia."

"Na akilia kwa furaha?"

Djuma akamvuta tena kanzu. "Kaa chini, mutoto ya dada yangu, usituaibishe!"

"Mjomba, huu kimya mimi nitaushika wapi? Aseme ndiyo ao aseme hapana!"

Baba akashusha mikono. Alikuwa amekunja uso kiasi kwamba hata Faradji aliona. "Kijana huyu hana heshima," akasema. "Mumurudishe kwao."

Mounira akainua kichwa. Mama yake akamfinya. Akauondoa mkono wa mama.

"Nimemukubali," akasema kwa sauti ileile ya kuitia wateja sokoni. "Nilinyamaza kwa ajili yenu, wazee. Na weye, Faradji, umenikasirisha. Ungeniuliza miye kabla ya kukimbilia viatu. Sasa kaa, umuombe baba radhi."

Faradji akakaa, akaomba radhi. Amekubaliwa, amekasirikiwa, ameambiwa la kufanya. Hakuna alichobaki akijiuliza.