Neno Ukutani kwa Deolinda

Alfajiri Deolinda alikuta ukuta wake mweupe umeandikwa kwa mkaa: DELATORA.

Katika vijiji vya Alentejo, kusini mwa Ureno, mchongezi aliitwa bufo, yaani bundi. Lakini neno hilo ukilielekeza kwa mwanamke linakuwa bufa, ushuzi, na ushuzi haumtishi mtu. Aliyeandika alilazimika kuazima neno la mahakamani, delatora, mwanamke mchongezi.

Deolinda alijua chanzo chake. Polisi wa siri waliwakamata wanawake watatu kwa ajili ya mgomo, na jana yeye peke yake aliachiwa. Walimtaka aseme alikojificha Zeferino, mpangaji wa mgomo. Walimsimamisha akitazama ukuta mpaka miguu ikavimba. Hakusema. Zeferino alikuwa amefichwa nyumbani kwa jirani yake Perpétua, nyuma ya tanuri la mikate, na Deolinda ndiye aliyempeleka.

Alijifunga kitambaa kichwani akaenda uwanjani, msimamizi wa shamba alipokuwa akichagua vibarua wa kuokota zeituni. Wanawake walichukuliwa wawili wawili. Asiye na mwenzake alirudi nyumbani, na asiyepata mwenzake msimu huo asingempata tena kijijini hapo.

Alipokaribia, walisogea mbali naye. Gertrudes, ambaye dada yake bado alikuwa ndani, ndiye aliyeanza.

"Umerudi mapema, shoga. Wenzio wanalala sakafuni. Wewe uliwapa polisi nini?"

Ushahidi wa Deolinda ulikuwa mmoja tu: alijua alipo Zeferino, na Zeferino hajakamatwa. Akiutaja mbele ya msimamizi, anakuwa kile kilichoandikwa ukutani. Hakuthubutu hata kumtazama Perpétua, aliyesimama kando akichezea ncha za shali yake.

Gertrudes akamwambia kimya chake ni jibu tosha. Wengine wakaanza kushikana mikono, kila mtu na wake.

"Aliyeandika amemaliza mkaa wa watu bure," Perpétua akasema. "Neno refu kama misa. Mimi ningeandika bufa, nikaziba pua, nikaenda zangu."

Mmoja akacheka, wakafuata wengine. Perpétua akavuka uwanja akaushika mkono wa Deolinda.

"Unamjua unayemshika?" Gertrudes akauliza.

"Namjua."

"Umemjulia wapi, hata uwe na hakika hivyo?"

Kicheko kikakatika. Msimamizi, ambaye muda wote alikuwa akikagua vikapu, akainua uso akamtazama Perpétua kwa makini.

Deolinda akajaribu kuuchomoa mkono wake. Perpétua akaubana zaidi, wakasimama mstarini.