Mkono wa Mama na Amonaiti za Lindi

Mama alipopata kiharusi nilikuwa Lindi, kwenye kingo za mto uliokauka, nikikusanya visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwa ajili ya shahada yangu ya pili. Kaka alinipigia simu, nikafunga mizigo siku hiyo hiyo. Msimamizi wangu wa utafiti aliniruhusu niondoke na sampuli ili kazi isilale. Nikafika Makandana, nyumbani kwa kaka, na begi la nguo na trei za mayai zilizojaa mawe.

Mama alikuwa ameondolewa kijijini Kinyala, kwenye migomba na chai yake, ili awe karibu na hospitali. Mguu ulikuwa umeanza kumtii, lakini mkono wa kulia haukuwa na habari naye. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa kuminya. Mama akausukumia chini ya kiti.

"Mimi si mtoto wa chekechea," alisema, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

Mchana tulikaa barazani, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Mimi nilisafisha mawe kwa sindano na mswaki mkuukuu, yeye akinitazama.

"Konokono hao?"

"Amonaiti, mama. Ndugu zake pweza, ila walibeba nyumba zao. Waliishi baharini, wakaisha wote."

"Umesoma miaka yote hiyo ukaokote konokono?"

Nilicheka, kisha nikamwonyesha picha ya harusi ya shangazi iliyokuwa ukutani. Nikamuuliza angejuaje ni ya lini.

"Si unaona mabega ya gauni yalivyotuna? Enzi zile kila bibi harusi alishona hivyo. Baadaye hakuna aliyetaka tena."

"Basi na hawa ni hivyo hivyo. Kila enzi walikuwa na mtindo wao, mara mistari, mara nundu, na mtindo ulienea bahari nyingi kabla ya kupotea. Nikikuta mtindo fulani ndani ya mwamba, najua mwamba ule ni wa sehemu gani ya kipindi cha Kretasia, zama za mwisho za dinosaria."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua moja na kuipapasa taratibu.

Kulikuwa na amonaiti moja iliyonisumbua. Ilitoka kwenye kilima ambacho umri wake nilikuwa nimeukisia tu kwenye ramani yangu ya miamba, na ukingo wake wa nje ulifunikwa na udongo uliogeuka jiwe. Bila kuuona ukingo ule nisingeweza kuitambua. Kila nilipoishika, ama chungu kilifurika jikoni, ama mama alihitaji kuogeshwa.

Siku moja nilikwenda kuchukua dawa. Niliporudi, nilimkuta ameibana amonaiti ile kwa mkono mbovu juu ya paja, na mkono wa kushoto umeshika sindano. Vumbi la kijivu lilikuwa limejaa kwenye kitenge chake. Sikuwa na nyingine ya kilima kile.

"Mama, itavunjika!"

"Kaa chini," alisema. "Nikiiachia, vidole vinalala. Nikiishika, vinaamka."

Nikakaa, ingawa nilitamani kumpokonya. Nikamwonyesha pa kuchokoa na pa kuacha, basi.

Ikawa kazi yake ya kila mchana. Vidole vilipochoka alivisugua, akavitukana kwa Kinyakyusa, akaanza tena. Baada ya majuma kadhaa alihamishia sindano mkono wa kulia. Ilimponyoka mara nyingi na mimi niliiokota. Wifi yangu alizoea kumlisha, lakini jioni moja mama alikataa kijiko chake, akajilisha mwenyewe nusu sahani ya wali. Nusu nyingine ilimwagika, na hakuna aliyejali.

Hatimaye ukingo ulitokeza: nundu ndogo, safu mbili, safi kabisa. Nilimtumia msimamizi picha. Akapiga simu papo hapo.

"Hiyo ni ya zamani kuliko ulivyoandika. Tabaka la kilima kile ni lile lile la bondeni, kule mtoni. Ramani yako utaichora upya."

Mama alikuwa akisikiliza. "Nimekuongezea kazi?"

"Umeniokoa, mama. Ningepeleka ramani ya uongo."

"Basi chora," alisema, akavuta trei nyingine.

Mkono haukurudi wote. Chai hachumi tena. Shamba la Kinyala analiangalia kaka. Lakini amerudi kwake, anamenya ndizi, anajifunga kitenge mwenyewe. Juzi alinipigia simu.

"Hiyo bahari ya konokono wako, bado ipo?"

"Ilishajiondokea pale kilimani, mama. Ila ya leo haiko mbali."

"Sijawahi kuiona."

Chuo kikifungwa tutakwenda Lindi pamoja. Kaka ananiambia mama ameshanunua raba za kupandia kilima, na kila asubuhi anazivaa kuzunguka nyumba, ili miguu izizoee.